Likizo ya Watu wa Komarock Itaandikwa na Nani?

Ukitaka kujua jinsi hadithi zetu zinavyomwona Mkenya wa kawaida anayesafiri, uliza swali moja tu: anakwenda kutafuta nini? Katika Siku Njema ya Ken Walibora, riwaya iliyotoka mwaka 1996 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi wa sekondari, Kongowea Mswahili anatoka Tanga na kuingia Kenya kumtafuta baba yake. Katika filamu ya Nairobi Half Life ya mwaka 2012, kijana anatoka kijijini akiwa na ndoto ya kuwa mwigizaji, na kabla hajaizoea Nairobi ameshaporwa. Anayesafiri ni mwenye shida. Anatafuta mzazi, kazi, karo, matibabu au haki. Mji mpya unampokea kwa mtihani, na sisi wasomaji tunakaa chonjo kuona kama ataufaulu.

Msafiri wa raha naye yupo, ila si sisi. Yumo katika Jambo Bwana, ule wimbo wa Them Mushrooms wa Mombasa ambao tangu miaka ya 1980 umeimbwa kwenye hoteli za ufukweni hadi ukawa kama wimbo wa taifa wa watalii. Humo mgeni anajuliwa hali, anakaribishwa, anatulizwa moyo. Mkenya yumo pia, lakini amesimama mlangoni akisalimia. Raha ni ya anayewasili. Kazi yetu ni kuipokea mizigo yake.

Kati ya hao wawili, mwenye shida na mgeni, kuna watu ambao hawajaandikwa. Chukua mume na mke wa Komarock wanaotaka kwenda Mombasa siku tatu kuadhimisha miaka kumi ya kuishi pamoja, na mfukoni wana pesa za kuhesabika. Hawamtafuti baba, hawatafuti kazi, na hakuna atakayewapigia gitaa wakishuka. Wanataka tu kupumzika mahali wasipopajua. Makala haya yanauliza kwa nini hadithi yao ni ngumu kuandika, na ikiandikwa vizuri itakuwa na nini ndani yake.

Usidhani ni swali la anasa. Watu hujipima kwa hadithi wanazozisikia. Kama hadithi pekee ya mapenzi safarini ni ile ya kidimbwi cha kuogelea, kitanda kilichomwagiwa maua na glasi mbili mbele ya bahari, basi wawili hawa wana njia mbili. Ya kwanza ni kukopa kwa simu ili wapate picha zinazofanana na hizo, kisha walipe deni picha zikiwa zimeshasahaulika. Ya pili ni kubaki kejani na kukubali kwamba mambo hayo ni ya watu wengine. Njia zote mbili zina gharama, na ya pili haionekani kwenye risiti: ni kuamini polepole kwamba penzi lako ni la daraja la chini kwa sababu halina mandhari.

Tuanze na mtaa wenyewe, maana hadithi ya safari huanzia mlangoni. Komarock uko mashariki ya Nairobi, umepakana na Kayole, na barabara ya Kangundo iko karibu. Ulijengwa kwa awamu, na mpaka leo mtu akikuelekeza kwake ataanza na nambari ya awamu. Nyumba nyingi za mwanzo ziliuzwa kwa watu wenye mishahara, kwa mikopo ya kulipwa miaka na miaka. Baadaye wenyewe wakaongeza vyumba vya kupangisha, ghorofa zikapanda juu ya nyumba zilizokuwa za chini, na mtaa wa wenye nyumba ukawa pia mtaa wa wapangaji. Kwa maneno mengine, huu ni mtaa uliozaliwa ndani ya hesabu. Mtu wa huku anajua tarehe ya kodi, tarehe ya chama, na siku gani ya mwezi mwenye duka hukubali kuandika kwenye kitabu. Ukimwandikia mtu huyu hadithi ya mapenzi isiyo na hesabu hata moja, umemwandikia mtu mwingine.

Kuna jambo la pili ambalo maandishi ya kawaida ya anivasari, kama tunavyoiita mtaani, yanalipita haraka. Yanadhani kuna tarehe. Yanadhani kulikuwa na harusi, keki, picha na cheti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na inataka zote zisajiliwe. Lakini katika mitaa ya Eastlands ndoa nyingi zilianza bila mojawapo ya hizo. Ni ndoa za njoo tuishi. Yeye alikuja wikendi moja akiwa na begi, Jumatatu ikafika hajarudi, na mwezi uliofuata pazia likabadilishwa. Sasa anivasari ni lini? Siku ya begi au siku ya pazia? Siku ujumbe ulipopelekwa kwao ushago, au siku mtoto wa kwanza alipozaliwa?

Mwandishi mwenye macho angeona kwamba hapa ndipo hadithi ilipo. Wawili wanaokaa mezani kukubaliana tarehe ya kusherehekea wanafanya kazi ya mtunzi: wanachagua mwanzo wa hadithi yao. Mmoja atasema ilianza alipokuja na begi. Mwingine atasema, hapana, ilianza siku ile ulipofutwa kazi na sikuondoka. Kila tarehe ina maana yake, na kuichagua ni kutamka hadharani ndoa hii imesimama juu ya nini. Maandishi yetu ya likizo yanaliruka jambo hili ili yafike haraka ufukweni.

Fasihi ya Kiswahili ina deni hapa, na ni deni la zamani. Wimbo wetu wa mapenzi unaojulikana zaidi duniani, Malaika, ulioenezwa na Fadhili William na kubishaniwa mpaka leo kuhusu nani hasa aliutunga, ni wimbo wa mtu anayependa na hana mali ya kuoa. Pesa ndiyo ukuta. Tumeuimba kwenye harusi kana kwamba ni wimbo wa harusi, na ajabu ni kwamba ndani yake harusi haijafanyika. Hatujaambiwa kilichotokea baada ya pesa kupatikana, au baada ya wawili kuamua kuishi pamoja bila hizo pesa. Mwaka wa kumi hauna wimbo wake.

Anayeuangalia mwaka wa kumi ni Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858. Huo ni utungo wa ndani ya ndoa, wala hauhusu kuipata. Lakini mapumziko humo ni ya upande mmoja. Mke anausiwa jinsi ya kumtunza mume, kumpepea, kumwacha alale bila kumsumbua. Mtu aliyechoka katika utendi ule ni mume. Ukiusoma huku ukiwafikiria wasafiri wetu wa Komarock, swali linajitokeza lenyewe: siku hizo tatu za Mombasa, ni nani atakayepepewa? Nitalirudia swali hili, kwa sababu video zetu za kisasa zinalijibu vibaya kuliko utendi wa karne ya 19.

Tukitoka kwenye mapenzi tukaingia kwenye safari, mambo ni tofauti. Hapa Kiswahili kina urithi mkubwa, na urithi huo unapenda hesabu. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Ujerumani mkusanyiko uitwao Safari za Wasuaheli, masimulizi ya watu wa pwani waliokwenda bara na ng'ambo. Misafara ile ina mizigo, ina bidhaa za kubadilishana, ina hongo ya kumlipa kila mtawala ambaye njia inapita kwake. Msimulizi hakuona aibu kutaja malipo. Malipo ndiyo yaliyokuonyesha nani mwenye nguvu, nani kakasirika, wapi njia imefungwa. Humo humo yumo Salim bin Abakari, aliyeandamana na bwana mmoja wa Kijerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Alisafiri kwa pesa za mwingine, kikazi, lakini macho yake yalikuwa ya mtalii: anashangaa miji, anashangaa baridi, anatazama watu wanavyokula na kuabudu. Kumbe mtu anaweza kuwa hana senti ya kwake safarini na bado mshangao ukawa wa kwake.

Halafu yuko Tippu Tip, ambaye wasifu wake ulichapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kitabu cha hesabu kuliko vyote. Frasila za pembe, bei zake, mali iliyokopwa kwa matajiri wa Unguja kama Taria Topan, faida iliyorudi. Ukikisoma unaweza kulewa tarakimu. Na ndipo unapaswa kusimama. Biashara ile iliwabeba na kuwaangamiza watu wengi, wengine wakiwa watumwa, na hesabu inayojua kila frasila ya pembe haimjui mtu aliyeibeba. Kwa hiyo kuhesabu peke yake si uaminifu. Hesabu inaweza kusema kila kitu kuhusu vitu ili isiseme chochote kuhusu watu.

Nimepita njia hiyo ndefu kwa sababu aina mpya ya maandishi imeota kwetu, na inahitaji wahakiki. Ni zile video na machapisho ya kwenda Mombasa kwa bajeti. Unazijua. Wawili wanaamka gizani, wanaonyesha tiketi, wanaonyesha dirisha la treni, wanaonyesha chumba, na mwishoni tarakimu inajaa skrini: tumetumia kiasi hiki tu, nawe unaweza. Mimi nazipenda. Ni mara ya kwanza msafiri wa raha kuwa ni sisi, na ni mara ya kwanza bei kutajwa bila aibu. Kwa hilo peke yake zimeipita broshua ya hoteli, ambayo huonyesha bahari na kuficha bei mpaka upige simu.

Lakini zihakiki jinsi ungehakiki hadithi fupi, uangalie kilichoachwa nje.

Kwanza, mwanzo umekatwa. Hesabu huanza kwenye kituo cha Syokimau, kana kwamba wahusika walizaliwa pale. Mtu wa Komarock anajua treni ya saa mbili asubuhi inamaanisha nini. Inamaanisha kutoka nyumbani kabla ya mapambazuko, ama kwa teksi ambayo bei yake alfajiri si ya mchana, ama kwa mathree ya kwanza na maombi kwamba barabara ya Outer Ring haitafunga. Kabla ya hapo kuna siku ambazo mwenye kibanda hatafungua, na mwenye kibarua hatalipwa. Likizo ya mwenye mshahara ina malipo ndani yake. Ya mwenye kibanda inalipiwa mara mbili, kwa pesa anazotumia na kwa pesa ambazo hazikuingia. Video haina safu ya kuandika pesa ambazo hazikuingia.

Pili, nauli inatajwa kama hali ya hewa, kama kitu kinachotokea tu. Lakini nauli ina historia. Madaraka Express ilipozinduliwa Mei 31, 2017, tiketi ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa iliuzwa shilingi 700. Baadaye ikawa 1,000. Kuanzia Januari 2024 ikawa 1,500. Fanya hesabu ya watu wawili, kwenda na kurudi: 2,800, kisha 4,000, kisha 6,000. Treni ni ile ile, kiti ni kile kile kinachotazamana na magoti ya mtu usiyemjua. Katika miaka isiyofika saba gharama ya wawili hao kukaa pamoja dirishani imeongezeka zaidi ya maradufu. Simulizi linalosema unaweza bila kusema kwamba jana ungeweza kwa urahisi zaidi linageuza siasa ya bei kuwa tabia ya mtu. Asiyekwenda anaonekana mvivu wa kupanga.

Tatu, na hapa narudi kwa Mwana Kupona, kazi ya kupanga haina bei. Ni nani aliyefuatilia tiketi kwa simu kabla hazijaisha? Ni nani aliyemshawishi dada yake aje kulala na watoto, akaacha unga, sukari na pesa za dharura, akaandika dozi ya kikohozi kwenye karatasi na kuibandika jikoni? Ni nani aliyekunja nguo za wawili kwenye begi moja ili wasibebe mzigo mkubwa? Katika nyumba nyingi jibu ni moja. Kisha kule Mombasa, wakipanga chumba chenye jiko ili kuokoa, jiko lile linamwita nani? Naijua sauti yake: "Baba nanii, ningepika tu hapa, tusitupe pesa." Sauti ya upendo na busara, na pia sauti ya mtu ambaye likizo imemhamisha kutoka jiko moja hadi lingine. Utendi wa Mwana Kupona angalau unataja kazi hiyo waziwazi, na kuiita wajibu. Video inaionyesha kwa sekunde mbili, chapati ikigeuzwa, muziki ukicheza, na kuiita kuokoa.

Mtu ataniambia: wewe nawe, hii ni video ya dakika nane, si riwaya. Ni kweli. Lakini ndiyo maandishi ambayo watu wetu wanayasoma, kwa idadi ambayo mwandishi wa riwaya hataiona maishani. Tukiyaacha bila kuyahakiki tunakubali kwamba ubora ni wa vitabu tu, na maisha ya watu wa kawaida yajiandikie ovyo.

Basi hadithi nzuri ya wawili hawa ingekuwaje? Naamini ingeutumia mji wenyewe, kwa sababu Mombasa ina sifa moja inayomfaa sana mwenye bajeti: mambo yake mengi mazuri hayauzwi. Feri ya Likoni haimtozi anayetembea kwa miguu. Unaingia na umati wa watu wanaokwenda kazini, baiskeli, mikokoteni, wanafunzi, magari yakiwa katikati, na kwa dakika chache uko juu ya maji na meli ya mizigo inapita karibu kama ghorofa inayotembea. Mtu anayetoka Komarock, aliyezoea umati wa asubuhi kama adhabu, anaweza kusimama katikati ya umati ule na kugundua kwamba leo hachelewi popote. Hapo kuna tukio la kifasihi, na halijagharimu hata shilingi. Kitu kile kile, umati, kimebadilika maana kwa sababu wakati umekuwa wake.

Kuna Mji wa Kale na vichochoro vyake, milango ya nakshi, vibaraza ambavyo wazee hukaa jioni. Mgeni kutoka bara akipita na kutoa salamu ataitikiwa kwa Kiswahili kitakachomfanya asikie Sheng yake ikikwaruza. Hilo nalo ni tukio. Tunasema sote ni Waswahili wa lugha moja, halafu mtu anaagiza viazi karai au mbaazi na mahamri, anaulizwa swali dogo tu, na inabidi aombe lirudiwe. Wawili wanatazamana na kucheka. Katika ndoa ya miaka kumi, kuchekwa pamoja ni bora kuliko kusifiwa pamoja.

Kuna Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ikapiganiwa na kutekwa mara nyingi, ikawa jela chini ya Waingereza hadi mwaka 1958, na mwaka 2011 ikaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wapenzi hupiga picha juu ya kuta zake. Sina ugomvi na picha hizo. Ila mwandishi anayejua kwamba mahali hapa palikuwa gereza maishani mwa babu zetu ana kitu cha kuwapa wahusika wake: la kuzungumza zaidi ya jua linavyozama. Wawili walioishi miaka kumi pamoja wanajua kitu kuhusu nyumba inayobadilisha kazi, mara ngome, mara jela, mara mahali pa kuonyesha wageni.

Na kuna pembe za barabara ya Moi. Karibu kila anayefika Mombasa mara ya kwanza husimama chini yake. Ni za alumini, kubwa, zimepindana juu ya barabara, na wengi tunazipenda bila kuuliza zinakumbusha nini. Mimi nikiziona namkumbuka Tippu Tip na frasila zake. Kitu kilichohesabiwa kwa makini kuliko watu waliokibeba sasa ni lango la furaha. Sidai kwamba wawili wetu waharibiwe likizo kwa mhadhara. Nadai kwamba mwandishi wao ajue amewasimamisha chini ya nini, na hilo limfundishe kuhesabu watu pia.

Maana wapo. Likizo ya bei nafuu haiwi nafuu yenyewe. Kuna mtu ameifanya nafuu. Mama anayekaanga mihogo pale Mama Ngina, anayeipasua, kuinyunyizia pilipili na kuikamulia ndimu, anauza kwa bei ambayo kwa wageni wetu ni mteremko na kwake ndiyo karo. Mwenye tuktuk anayekubali kupunguziwa hamsini ana mwenye tuktuk wa kumpelekea hesabu jioni. Msichana anayefua shuka za chumba kile cha kupanga huenda hajawahi kulala usiku mmoja katika chumba kama kile. Ukimtoa mtu wa Komarock katika kiti cha mwenye shida na kumkalisha katika kiti cha mgeni, bila kubadilisha kitu kingine, umemwajiri mtu mwingine asimame mlangoni kusalimia. Wimbo utakuwa ule ule, mgeni tu ndiye amebadilika rangi.

Lakini watu wa Komarock wana uwezo ambao mtalii wa zamani hakuwa nao, na hapa ndipo naona matumaini ya aina hii ya maandishi. Wao wanaijua kazi ile. Mke anayemtazama mwenye mihogo anaweza kuwa na dada anayeuza smokie na mayai kituoni Kayole. Anajua mafuta yamepanda, anajua askari wa kaunti hupita saa ngapi. Mume anayebishania nauli ya tuktuk huenda naye hupeleka hesabu kwa mwenye gari. Wanaweza kuuliza maswali ambayo mgeni hawezi kuyauliza: hapa kiti ni ngapi kwa siku, kanjo wanasumbua, watoto wako wapi sasa hivi? Mazungumzo ya namna hiyo, ya dakika tano, yakiingia katika hadithi, yanafanya raha ya wawili isiwe ya kuibiwa mtu. Wanapumzika mbele ya mtu anayefanya kazi, na wanamwona. Sijui njia nyingine ya kuandika mapumziko ya mwananchi bila uongo.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Mtu atasema: si tuachiwe tusahau? Mwaka mzima tunahesabu, siku tatu za bahari tuhesabu tena? Hadithi isiyo na bei ni mapumziko pia. Naelewa. Lakini tazama kinachotokea ukweni mwa hadithi za namna hiyo. Bei haipotei kwa kutotajwa. Inahamia kwenye kichwa cha mmoja wao, yule anayejua salio, akicheka huku akigawanya kwa siku mbili zilizobaki. Anayesahau ni mmoja, na anasahau kwa sababu mwenzake anakumbuka kwa niaba yake. Hesabu ikiwekwa mezani, ikasomwa na wote wawili, basi wote wawili wanaweza kuifunga daftari na kwenda kutazama maji yakikupwa. Kujua pamoja ndiko kunakowapa wote ruhusa ya kusahau.

Ndiyo maana naamini kwamba andiko bora kabisa la safari hizi, mpaka sasa, halijapakiwa popote. Liko kwenye daftari za kurasa themanini, zile zenye jedwali la kuzidisha nyuma, ndani ya droo za Eastlands. Upande mmoja: nauli, chumba siku mbili, chakula, tuktuk, zawadi ya watoto, ya dada, dharura. Upande wa pili, mwandiko wa mtu mwingine: punguza zawadi, ongeza siku moja. Halafu mstari umekatwa, na chini yake tena mwandiko wa kwanza: sawa, lakini siku hiyo hupiki. Mistari mitatu hiyo ina mzozo, ina wahusika wawili, ina sauti mbili, na ina suluhu. Ina kitu ambacho Malaika hakukifikia na utendi haukukitoa: mke na mume wakiandika kwa zamu kwenye ukurasa mmoja, pesa ikiwa katikati yao kama mada badala ya ukuta.

Waandishi wetu wa hadithi fupi wana kazi hapo. Wasiikimbie hesabu kwa kudhani ni adui wa mapenzi, wala wasiiabudu kama video zinavyofanya. Wataje nauli, na waseme ilipandaje. Wataje chumba, na waseme nani anakisafisha. Wataje nani alipanga, nani alipika, nani alilala mchana mzima siku ya pili bila kuamshwa na mtu. Kwa watu wa Komarock, nina hakika, huo usingizi wa mchana ndio utakaokuwa kilele cha hadithi, na ningependa sana kuusoma umeandikwa vizuri, hasa kama aliyelala ni yeye mke.